Barua ya wazi kwa wakuu wa Pittsburgh Pirates: vijana hawakui peke yao

Pittsburgh, Pennsylvania
Novemba 2025

Bw. Bob Nutting, mmiliki,
Bw. Ben Cherington, meneja mkuu,
Klabu ya besiboli ya Pittsburgh Pirates.

YAH: USAJILI WA MAJIRA HAYA YA BARIDI NA MALEZI YA VIJANA

Mabwana,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza mlishakisikia. Aprili 4 mwaka huu, siku ya mchezo wa kwanza wa nyumbani dhidi ya Yankees wa New York, mashabiki waliimba "uzeni timu" mpaka sauti zikakauka, na juu ya uwanja ikapita ndege ndogo ikiburuta bango lenye ujumbe huohuo. Mlisikia, mkanyamaza. Basi na sisi wengine tujaribu kwa lugha yetu. Tupo katika mji huu na vitongoji vyake, Wakongomani, Warundi, Wabantu wa Kisomali, Wakenya na Watanzania, na tangu 2023 mna kijana kutoka Uganda katika timu zenu za chini. Kwa hiyo hata ng'ambo wapo wanaofungua simu asubuhi kutazama Pirates wameamkaje.

Sikuja kuwaambia muuze timu. Hilo wamelisema wenye pumzi kunizidi. Langu ni dogo, na liko ndani ya uwezo wenu kabla kambi ya mazoezi haijafunguliwa kule Bradenton mwezi Februari: acheni kuwatumia vijana kama kisingizio cha kutowalipa wakongwe.

Barua ya wazi husomwa na wote, kwa hiyo mniwie radhi nimweleze kidogo msomaji asiyefuatilia besiboli. Klabu ya Marekani haina kikosi kimoja. Kijana anaposajiliwa huanza chini kabisa, kisha hupanda ngazi. Kwa Pirates ngazi hizo ni Bradenton kule Florida, Greensboro, Altoona, Indianapolis, halafu ndiyo Pittsburgh, katika uwanja wa PNC Park. Wachezaji 26 ndio kikosi cha mechi. Orodha pana ina watu 40, na aliye ndani yake analindwa asinyakuliwe na klabu nyingine. Kila Novemba mabwana hawa wawili hukaa na hiyo orodha wakaamua nani alindwe, nani auzwe, nani aachwe na nani atoke nje kununuliwa. Ndiyo kazi wanayoifanya ninapoandika haya.

Sasa turudi kwenu. Mwezi huu Paul Skenes ametwaa tuzo ya Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa ligi, kwa kura zote 30. Msimu mzima aliruhusu wastani wa mikimbio (ndizo alama za besiboli) 1.97 kwa kila awamu tisa, yaani mchezo mzima. Rekodi yake ya kushinda na kushindwa ikawa 10 kwa 10. Nimewaonyesha takwimu hiyo watu wa kriketi, wakadhani nimekosea kuandika. Sijakosea. Mrushaji bora wa ligi nzima alishindwa mara nyingi sawa na alivyoshinda, kwa sababu wenzake walikuwa hawapigi. Timu ilimaliza na mikimbio 583 na mipira 117 iliyovuka uzio, na kwa hesabu zote mbili hizo mlikuwa wa mwisho kati ya timu 30. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kikiwa kidole cha Skenes.

Nawapa haki yenu katika hili: warushaji mnajua kuwalea. Mitch Keller mlimchukua 2014 raundi ya pili ya uchaguzi wa vijana, ambapo kila mwaka klabu huchagua kwa zamu, akapanda, akaporomoka, mkamtengeneza upya. Jared Jones alikuja 2020. Bubba Chandler alikuja 2021 akiwa na nafasi ya kwenda chuo cha Clemson kucheza futiboli ya Marekani, na huko shuleni alikuwa akicheza pia kama mlinzi wa uwanja wa ndani. Leo ni mrushaji ambaye klabu nyingine zinamtamani. Braxton Ashcraft na Mike Burrows wote walipita mikononi mwenu tangu 2018. Anayesema Pirates hawajui kukuza vijana hajatazama upande huo.

Upande wa pili ndio unaouma. Henry Davis mlimchagua wa kwanza kabisa nchi nzima mwaka 2021, mbele ya kila kijana aliyekuwepo. Alikuwa mdakaji, mkamhamishia uwanja wa nje, mkamrudisha kudaka, na msimu huu wastani wake wa kupiga haukufika hata .200, yaani mapigo mawili kwa kila majaribio kumi. Nick Gonzales alikuwa wa saba mwaka 2020. Termarr Johnson alikuwa wa nne mwaka 2022, na hadi leo bado tunamsubiri.

Halafu yupo Oneil Cruz. Mei 25 nilikuwa nimekaa upande wa kulia. Cruz aliupiga mpira ule kwa kasi ya maili 122.9 kwa saa, karibu kilomita 198, kasi kubwa kuliko pigo lolote lililopimwa tangu mitambo ya kupima ianze kutumika katika ligi hii mwaka 2015. Sauti yake haikufanana na sauti ya bati, lile gongo la kupigia. Watu hawakushangilia mara moja. Kwanza waligeuza shingo kuutafuta mpira, na mpira ulikuwa umeshapita viti unaelekea Mto Allegheny. Kijana mwenye nguvu hizo amemaliza msimu na wastani wa .200, maana yake kila mara kumi zilizohesabiwa alipokwenda kupiga, nane alirudi mikono mitupu. Kipaji hicho hamkukinunua kwa bei kubwa. Mlikipata 2017 mlipompeleka Tony Watson kwa Dodgers, na hiyo ilikuwa biashara nzuri. Miaka minane baadaye bado hamjampata mtu wa kumfundisha kupiga mpira uliopinda.

Mtasema vijana wanahitaji muda. Kweli wanahitaji. Lakini mnapotaja muda, tukitazama kikosi tunaona kitu kingine. Majira ya baridi yaliyopita mlikuwa na Skenes, mwanafunzi bora wa mwaka 2024 (tuzo ya mchezaji bora aliye katika msimu wake wa kwanza), analipwa dola 875,000 kwa msimu, fedha ambayo klabu nyingine humlipa mchezaji wa akiba. Ule ulikuwa wakati wa kumzungushia wapigaji wenye ngozi ngumu. Mlileta nini? Tommy Pham, anakaribia miaka 37, mkataba wa mwaka mmoja. Adam Frazier, mwaka mmoja. Spencer Horwitz mlimpata kwa kubadilishana, na huyo namkubali. Waliobaki walikuwa vijana waliotupwa katikati ya mpangilio wa kupiga wajifunze wenyewe, mbele ya warushaji wanaowasoma kama gazeti.

Mpigaji kijana hujifunza mengi akiwa benchi kuliko akiwa uwanjani. Mkongwe anaporudi kutoka kupiga humwambia mwenzake mrushaji ameanza kumrushia mpira gani, ameficha nini mkononi, amechoka au bado. Anayefuata anakwenda akiwa na habari. Aidha mkongwe akikaa nafasi ya nne katika mpangilio, kijana wa nafasi ya tatu hurushiwa mipira inayopigika, kwa sababu mrushaji hataki kumrushia mipira mibaya akapata kituo cha bure bila kupiga, halafu akutane na mkubwa. Ondoa mkubwa, na yule kijana hapati mpira wa maana wiki nzima. Anaanza kufukuza mipira ya nje. Wastani unashuka, anarudishwa Indianapolis, na nyinyi mnaandika kwenye ripoti kwamba hajakomaa.

Hamhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Oktoba 1, 2013, uwanja huuhuu, watu zaidi ya 40,000 wamevaa nyeusi. Pirates walikuwa wamekaa misimu 20 mfululizo bila hata mmoja wa kushinda zaidi ya kushindwa, tangu 1993. Wageni walikuwa Cincinnati na mrushaji wao alikuwa Johnny Cueto. Umati ukaanza kuimba jina lake taratibu, ukilivuta, "Kwee-to", na Cueto akiwa amesimama kwenye kilima cha mrushaji mpira ukamponyoka mkononi ukadondoka chini. Mpira uliofuata Russell Martin akaupeleka nje ya uzio. Nani asiyekumbuka? Mkashinda 6 kwa 2.

Tazameni majina ya usiku ule. Mipira iliyovuka uzio ilikuwa mitatu: mmoja wa Marlon Byrd na miwili ya Martin. Byrd alikuwa na miaka 36, mlimchukua kutoka Mets mwisho wa Agosti na mkalipa kwa kijana Dilson Herrera. Martin mlimsajili majira ya baridi ya 2012 kwa milioni 17, miaka miwili. Mrushaji aliyeanza, Francisco Liriano, naye alisajiliwa baridi hiyohiyo. Andrew McCutchen, mtoto wenu wa nyumbani, mwaka ule alikuwa mchezaji bora wa ligi. Starling Marte alikuwa mtoto wenu. Gerrit Cole, miaka 23, alikuwa amepanda Juni tu. Wale makinda hawakuwa wabaya mwaka 2012, ila mwaka huo timu ilishindwa zaidi ya ilivyoshinda. Kilichobadilika ni watu waliokaa nao benchi.

Bw. Cherington, wewe hili unalijua kuliko mimi. Mwaka 2012 Boston ilishindwa mara 93, nawe ulikuwa meneja wake mkuu. Baridi ile hukumwaga fedha kwa nyota mmoja. Uliingia sokoni ukanunua wakongwe wa kati: Shane Victorino, Mike Napoli, Jonny Gomes, David Ross, Koji Uehara. Uehara alikuwa anakaribia miaka 38 na ulimlipa milioni 4.25, na yeye ndiye aliyerusha mpira wa mwisho wa mchezo wa mwisho Boston ilipotwaa ubingwa Oktoba 2013. Ndani ya kikosi hicho ukampandisha Xander Bogaerts mwezi Agosti, akiwa na miaka 20, na Oktoba akaanza katika fainali. Unaona mpangilio ulivyokuwa? Kijana mmoja katikati ya watu wazima. Hapa Pittsburgh umegeuza: mtu mzima mmoja katikati ya vijana, naye ni McCutchen aliyetimiza miaka 39. Misimu sita chini yako yote sita imekwisha tukiwa tumeshindwa zaidi ya tulivyoshinda: 2020, 2021, 2022, 2023, 2024, 2025.

Najua Boston ina fedha na Pittsburgh haina fedha kama hizo. Sisi tunaishi hapa, tunaona maduka. Lakini watu wale wa 2013 hawakuwa wa bei ya Boston. Walikuwa wa bei ambayo hata Bw. Nutting anaimudu, na yeye ndiye aliyemlipa Martin.

Kuna kosa la pili linalonitisha zaidi wakati huu, kwa sababu mna warushaji wengi na klabu zinabisha hodi. Julai 31, 2018 Pirates waliamka wakiwa na hamu ya kushinda, wakamchukua mrushaji Chris Archer kutoka Tampa Bay. Walitoa mrushaji Tyler Glasnow na Austin Meadows, kisha wakaongeza Shane Baz, mrushaji waliyemchagua raundi ya kwanza mwaka mmoja tu nyuma. Archer aliondoka baada ya msimu wa 2020. Glasnow tulimwona Novemba 1 mwezi huu, kule Toronto, akirusha katika mchezo wa saba wa fainali kwa ajili ya Dodgers, ambao ni mabingwa tena. Bw. Cherington, hiyo haikuwa yako, aliyeifanya alishafukuzwa. Bw. Nutting, wewe ulikuwepo.

Msije mkajifunza somo lisilo sahihi hapo. Kuuza kijana si dhambi, Dilson Herrera aliuzwa na hakuna aliyelia. Tatizo la 2018 lilikuwa kutoa warushaji wawili wachanga mkitafuta mrushaji, wakati hakuna aliyewaeleza kwa nini Glasnow alikuwa hafanyi vizuri mikononi mwenu. Tampa walimweleza katika muda mfupi. Mkitaka kumtoa mrushaji kijana baridi hii, mtoeni, ila mrudi na mpigaji ambaye ameshapiga katika Ligi Kuu. Msirudi na kinda mwingine wa miaka 20 aliyeko Greensboro mkatuambia tumpe miaka minne.

Nakuja kwenye suala la siku. Sheria inasema siku 172 katika kikosi cha kwanza ni mwaka mmoja, na miaka sita ikitimia mchezaji yuko huru kwenda atakako. Ndiyo maana klabu humweka kijana chini wiki kadhaa ili mwaka usitimie. Mwaka 2024 Skenes alikaa Indianapolis hadi Mei 11. Mliambia umma anajenga mkono. Kisha akashinda tuzo ya mwanafunzi bora, na kwa kanuni iliyoanza na mkataba wa 2022 kati ya ligi na wachezaji, anayeshika nafasi mbili za juu katika tuzo hiyo hupewa mwaka mzima hata kama siku hazikutimia. Kwa hiyo mlimweka chini wiki sita na hamkupata kitu. Baada ya msimu wa 2029 atakuwa huru, sawasawa na kama angeanza siku ya kwanza. Michezo ile ya Aprili alirusha mtu mwingine.

Mwaka huu mkarudia kwa Chandler. Tulimsubiri Aprili, tukamsubiri Juni, akaja Agosti 22 na katika mchezo wake wa kwanza akarusha awamu nne bila kuruhusu mkimbio hata mmoja. Kama alikuwa anajifunza jambo huko chini miezi yote hiyo, hamkutuambia ni jambo gani.

Sasa yuko Konnor Griffin. Mlimchukua 2024 akiwa wa tisa, kijana wa sekondari kutoka Mississippi. Msimu wake wa kwanza amepanda kutoka Bradenton mpaka Altoona, amepiga wastani wa .333, amevusha uzio mara 21 na ameiba vituo 65 (kukimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mpira upigwe), na hajatimiza miaka 20. Kanuni ileile ya 2022 inasema klabu ikimweka kinda wa namna yake kwenye kikosi tangu siku ya kwanza, naye akatwaa tuzo ya mwanafunzi bora, klabu huongezewa nafasi ya kuchagua kijana mwingine. Yaani mnalipwa kwa kumwamini. Sisemi aanze kikosini iwe iweje. Akionekana Machi kwamba mipira iliyopinda inamshinda, arudi Indianapolis, na mwambieni wazi anarudi kufanya nini. Akionekana yuko tayari, aanze, na asianze akiwa ndiye tegemeo la wapigaji wote. Apewe nafasi ya saba, mbele yake wawepo watu wenye misimu yao kumi.

Mna kipimo chenu wenyewe cha subira, na kiko ukutani. Ukuta wa upande wa kulia una futi 21 kwa heshima ya Roberto Clemente aliyevaa namba hiyo. (Aprili mliifunika alama yake kwa tangazo la kinywaji, watu wakapiga kelele mkairudisha. Sitaongeza neno.) Clemente alikuwa mali ya Brooklyn Dodgers. Walimsajili 1954 kwa bonasi ya dola 10,000, wakamficha timu yao ya Montreal, na kanuni za siku zile zikasema aliyelipwa kiasi hicho akiachwa chini, klabu nyingine inaweza kumchukua. Novemba 1954 Pirates waliomaliza wa mwisho wakawa wa kwanza kuchagua, wakamchukua kwa dola 4,000. Uamuzi wa orodha, mwezi kama huu.

Halafu wakafanya kilicho kigumu zaidi: wakamchezesha. Miaka mitano ya mwanzo, 1955 hadi 1959, hakuitwa hata mara moja kwenye mchezo wa nyota. Mwaka wa kwanza alipiga .255. Alichezeshwa akiwa anakosea, kila wiki, Pittsburgh, mbele ya watu. Mwaka 1960 akaitwa, na mwaka huohuo mkawa mabingwa, na 1971 tena yeye akiwa mchezaji bora wa fainali. Alifikisha mapigo 3,000 kamili kabla ya ndege iliyombeba na msaada wa tetemeko la Nikaragua kuanguka Desemba 31, 1972. Subira yenyewe ilikuwa hiyo, kijana yuko uwanjani na kosa lake linaonekana. Kumweka ngazi ya chini mpaka kalenda iwe nafuu ni hesabu ya fedha, na mngeiita hivyo tungeelewana.

Sisi wa Afrika tuna habari yetu humu. Pirates walimsajili Gift Ngoepe kutoka Afrika Kusini mwaka 2008. Mama yake alikuwa akifanya kazi katika klabu ya besiboli ya Randburg na mtoto alikulia palepale klabuni. Aprili 26, 2017 aliingia PNC Park akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza Ligi Kuu, na mara yake ya kwanza kushika bati akampiga Jon Lester wa Cubs, bingwa mtetezi, akafika kituo. Siku ile tulipigiana simu mpaka usiku. Glavu yake ilikuwa ya daraja la juu, hakuna aliyebisha. Bati ndiyo iliyomwangusha. Alikaa katika ngazi zenu karibu miaka tisa na bati haikupona, na Novemba ya 2017 mkampeleka Toronto. Sina kinyongo na kuuzwa kwake. Ninachouliza ni kile ninachouliza kuhusu Davis na Cruz: katika miaka hiyo yote, nani alikuwa na kazi ya kuitengeneza bati ya Ngoepe, na alihojiwa lini iliposhindikana?

Leo mna David Matoma, Mganda, mrushaji wa mkono wa kulia, aliyesajiliwa Januari 2023 akiwa na miaka 16 kwa bonasi ya dola 20,000. Anarusha zaidi ya maili 95 kwa saa. Nchi yake ndiyo iliyotoa timu ya kwanza ya Afrika kufika mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, jimbo hilihili la Pennsylvania, mwaka 2012, vijana wa Lugazi, baada ya wenzao wa 2011 kufuzu na kunyimwa viza. Kwa bahati Matoma ni mrushaji, kwa hiyo ameangukia upande wenu unaojua kazi. Aliyesajiliwa akiwa mdogo hivyo mna misimu mitano kabla ya kulazimika kumlinda au kumwacha wazi. Itumieni yote. Dola 20,000 ni fedha ndogo kwenu, na mchezaji wa bei ndogo ndiye anayeachwa kwanza nafasi zinapobana, wakati aliyelipwa milioni sita hupewa msimu wa ziada hata akiwa hapigi. Nawaomba mtazame mkono wake, msitazame risiti.

Basi, ninachotaka kukiona kabla ya Februari.

Nataka wapigaji wawili waliokwisha kuthibitika, kwa mikataba inayozidi mwaka mmoja, kwa sababu mtu wa mwaka mmoja hupangisha chumba na akili yake iko Julai, siku atakayouzwa. Kyle Schwarber yuko sokoni. Mnamkumbuka: Oktoba 2015, mmeshinda michezo 98, na yeye akiwa kinda wa Cubs akaupiga mpira wa Cole juu ya ukuta wa kulia, na tangu usiku ule hamjacheza tena mchezo wa mtoano. Msipompata yeye, wapo wa bei ya chini yake.

Nataka benchi la ufundi la wapigaji litajwe hadharani pamoja na linachofundisha, kuanzia Bradenton hadi hapa, ili kijana akipanda asiambiwe kila ngazi abadilishe miguu. Warushaji wenu wanafundishwa lugha moja, na matokeo yanaonekana.

Nataka Skenes apelekewe mkataba mrefu mezani, hata kama atakataa. Mlimpa Bryan Reynolds milioni 106.75 mwaka 2023, na huo ndio mkubwa kuliko yote katika historia ya klabu. Mtasema Ke'Bryan Hayes mlimpa milioni 70 na ikabidi mumpeleke Cincinnati Julai. Sawa, mgongo ulimsumbua na bati ikafuata. Mkataba mmoja kuharibika haukufanyi uache kuoa kabisa.

Na McCutchen. Kama mnamtaka, mpigieni. Kama hamumtaki, mpigieni pia, wiki hii, msimwache akasoma gazetini. Vijana wote wa chumba kile wanatazama mnavyomtendea.

Wenu,
Shabiki wa upande wa kulia, chini ya ukuta wa futi 21

Nakala:
Bw. Don Kelly, kocha mkuu
Idara ya malezi ya wachezaji, Bradenton